Baba anaulizia "kolopudi" ya marehemu bibi: kabichi na nyama ya kusaga kwa tabaka. Nani anaijua?

BintiMlandizi

Wapendwa habari za jioni, na wakubwa wangu shikamooni.

Naombeni msaada wa chakula kimoja ambacho hata jina lake sina hakika nalo. Nyumbani kwetu kiliitwa "kolopudi". Ni kabichi na nyama ya kusaga, vinapangwa tabaka kwa tabaka kwenye sufuria, halafu vinaokwa. Nimeuliza majirani, nimemuuliza na mama mmoja anayefundisha mapishi hapa Mlandizi, hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo.

Kisa chenyewe ni hiki. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mpishi wa nyumbani kwa familia ya mwalimu mmoja Mswidi pale Kibaha, enzi za ule mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki. Kwa wasioufahamu, ulianza 1963, Denmark, Norway, Ufini na Uswidi wakishirikiana na serikali yetu, na ndio uliozaa shule ya sekondari Kibaha, kituo cha afya cha Tumbi ambacho leo ni hospitali, na mafunzo ya wakulima. Januari 1970 wakaukabidhi kwa serikali. Ile familia ya Mswidi iliondoka kabla ya hapo, mwaka 1969, wakamwachia bibi sufuria moja zito la chuma, enameli ya bluu nje na nyeupe ndani. Sufuria hilo ninalo. Mapishi sina. Bibi hakujua kuandika, na 1998 akatutoka. Shangazi zangu wote walikula kolopudi yake, hakuna aliyesimama naye jikoni.

Baba amezaliwa 1954, kwa hiyo kakulia kwenye nyumba za watumishi pale pale. Mwezi uliopita alilazwa siku 11. Karudi amekonda, na hamu ya chakula imekwenda. Nimempikia supu ya kuku, mtori, wali wa nazi na changu, vitu anavyovipenda. Anakula vijiko vinne, anashukuru, anarudisha sahani. Jumanne tulikaa barazani akasema taratibu, kama anajisemea mwenyewe, "Ningepata kolopudi ya mama ningekula."

Nikamhoji kila anachokumbuka, nikaandika:

Kabichi haikuwa nyeupe wala kijani, ilikuwa kahawia. Ilikuwa na utamu, si wa sukari ya chai, utamu wa kitu kilichoungua kidogo. Pembeni ya sufuria kulikuwa na ukoko mweusi ambao yeye na kaka yake waligombea. Bibi alikikata kwa kisu kama keki, na kipande kilisimama sahani bila kumwagika. Nyama ilikuwa laini sana. Kulikuwa na harufu ya kiungo "kama pilipili manga lakini si pilipili manga". Na pembeni ya sahani kitu chekundu kichachu, kijiko kimoja tu.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilichemsha kabichi, nikaichuja, nikapanga kabichi, nyama mbichi, kabichi, nikapalia makaa. Maji yalijaa sufuria zima, nyama ikawa rangi ya kijivu. Mara ya pili nilikaanga nyama kwanza na nyanya, hoho na kitunguu saumu, nikapanga upya. Ilikuwa tamu, watoto waliimaliza. Ila ilipakuliwa kwa kijiko, imesambaratika. Baba alionja akasema, "Nzuri mwanangu, lakini siyo yenyewe."

Anayejua chochote, hata jina lake halisi tu, anisaidie.

KakaWaUbungo

Pole kwa kuuguza dada, Mungu amjalie mzee afya. Hiyo isije ikawa lazania? Ile nayo ni tabaka, nyama ya kusaga na sosi. Labda walikosa zile tambi bapa wakaweka kabichi.

BintiMlandizi

Amina, asante kaka. Nilimuuliza baba, kasema haikuwa na jibini, haikuwa na nyanya, na kabichi ndiyo ilikuwa chakula chenyewe, nyama ilikuwa katikati kama mgeni.

MpishiUppsala

Mwanangu, nimesoma hadi hapo uliposema kahawia na kipande kusimama kama keki, nikajua. Kwanza nifikishie shikamoo yangu kwa mzee wako, mwambie mama mmoja wa Tanga aliyeko Uswidi anamwombea apate nguvu.

Chakula chenu kinaitwa *kålpudding*. Neno *kål* ni kabichi, na hiyo *å* Waswidi wanaitamka kama "o" ndefu, "kool". Tia na pudini. Watoto wa Kibaha walisikia kolpudin wakasema kolopudi, na mimi naona wamelitendea haki neno. Ni chakula cha nyumbani kabisa huku, cha siku za kazi, cha baridi inapoanza. Nina miaka 19 katika jiko la nyumba ya kulea wazee. Tunakipika kila baada ya wiki tatu, kilo 12 za kabichi kwa mara moja, na siku hiyo kuna mzee mmoja ambaye siku nyingine tunambembeleza hata uji, anakuja kukaa mezani nusu saa kabla. Kwa hiyo neno la baba yako nimelielewa vizuri.

Sasa nikuambie ulipokosea, maana ni pahala pamoja tu: kabichi. Ulitaka kuifikisha haraka kwenye nyama. Chakula hiki robo tatu ya kazi iko kwenye kabichi, na ukiichemsha umekwisha kukipoteza.

Chukua kabichi moja nzito, kilo moja na robo hivi. Toa ule mti wa katikati. Usikate nyembamba kama ya kachumbari, kata vipande vya mraba, ukubwa wa ukucha wa dole gumba. Weka kikaango kipana motoni, siagi kijiko kimoja cha kula, tia theluthi ya kabichi tu. Usizidishe. Ukijaza kikaango kabichi inajipika kwa mvuke wake, inakuwa laini na nyeupe, na utamu hautoki. Usifunike. Usitie chumvi mwanzoni, chumvi inavuta maji nje na wewe unataka kabichi iungue kidogo, isichemke. Iache ikae, igeuze, iache tena. Pale vipande vingi vitakapokuwa na madoa ya kahawia na kingo chache zimekuwa nyeusi, imwage kwenye bakuli, anza fungu la pili, siagi mpya. Mafungu matatu yatakula dakika 40, pengine zaidi. Hapo utaona kabichi iliyojaza beseni imebaki theluthi.

Ukimaliza, rudisha zote kikaangoni, tia shira nyeusi vijiko viwili vya kula, chumvi nusu kijiko cha chai, geuza dakika tatu hadi ing'ae. Shira inaingia mwisho kwa sababu sukari inaungua kabla kabichi haijaiva. Huku tunatumia shira ya viwandani ya sukari ya viazisukari. Kwenu tafuta sukari guru, iyeyushe na maji kidogo.

Ukishatoa kabichi usioshe kikaango. Mimina kikombe kimoja cha maji ya moto, kwangua ule ukoko wote kwa mwiko, uchemke kidogo. Hayo maji ya kahawia yahifadhi, nusu yataingia ndani ya sufuria na nusu ni mchuzi wa kumwagia viazi.

Nyama nusu kilo, na hapa ndipo penye jibu la kipande kusimama. Usiikaange. Inaingia mbichi. Chukua chenga za mkate mkavu vijiko vitano vya kula, zimwagie maziwa robo tatu ya kikombe, ziache dakika kumi zinywe. Zinageuka kama uji mzito. Hapo tia nyama, yai moja, kitunguu maji kimoja ulichokikuna au kukikatakata na kukikaanga kidogo, chumvi kijiko cha chai, pilipili manga. Changanya kwa mkono hadi ishikane, basi, usikande kama unga. Yai ndilo linaloshika, mkate na maziwa ndivyo vinavyolainisha. Ukikaanga nyama kwanza inabaki chembe chembe, hakuna kitakachozirudisha pamoja, ndiyo maana ya pili ilisambaratika.

Waswidi wengi hutumia nyama mchanganyiko, nusu ng'ombe nusu nguruwe. Jikoni kwetu kuna wazee wasiokula nguruwe, na mimi mwenyewe sili, tunapika ya ng'ombe tupu na inakubali kabisa. Ongeza maziwa vijiko viwili tu kwa sababu ng'ombe ni mkavu, na ukienda buchani usichague steki, omba nyama yenye mafuta kidogo.

Ile harufu ya pilipili manga isiyo pilipili manga, huku inaitwa *kryddpeppar*. Ni punje za kahawia, kubwa kuliko pilipili manga, harufu yake iko kati ya karafuu, mdalasini na kungumanga. Usipoipata changanya pilipili manga nusu kijiko cha chai, karafuu ya kusaga ncha ya kisu, kungumanga ncha ya kisu. Karafuu usizidishe, itakuwa pilau.

Paka sufuria siagi. Nusu ya kabichi chini, nyama yote katikati, itandaze kwa mkono uliolowa maji hadi ifike kingo, kabichi iliyobaki juu. Mwagia nusu ya yale maji ya kahawia, vipande vichache vya siagi juu. Oveni nyuzi 200, dakika 45 hadi 50, bila kufunika. Choma kisu katikati, maji yakitoka meupe si mekundu, imeiva. Iache ipumzike robo saa kabla ya kukata. Robo saa hiyo usiikate hata mzee akiita.

Chekundu kichachu ni *lingon*, vitunda vidogo vya porini. Wanavichuma msituni mwishoni mwa kiangazi, wanavikoroga na sukari vikiwa vibichi, vinakaa miezi kwa sababu vina asidi yake ya asili inayozuia kuoza. Yule mama wa Kibaha lazima aliletewa kwenye kopo kutoka kwao, au bibi yako alibuni kitu kingine. Muulize mzee.

Jambo moja la ziada, halihusu moto. Waswidi wanasimulia kwamba mboga ya kuviringisha nyama ndani ya majani ya kabichi waliipata kwa Waturuki. Mfalme wao Karl wa 12 alishindwa vita Poltava mwaka 1709, akakimbilia kwa Waturuki akakaa huko miaka mitano, na walipomfuata kudai madeni yao walikuja na wapishi. Kwao nyama ilifungwa kwenye majani ya mzabibu, na Uswidi zabibu haioti vizuri, kabichi ikashika nafasi. Hadi leo wapo wanaoila tarehe 30 Novemba, siku aliyouawa mfalme huyo. Kålpudding ni ndugu yake yule, kwa mama asiye na muda wa kuviringisha jani moja moja. Kwa hiyo chakula hicho kilisafiri sana kabla hakijafika Kibaha.

MkulimaSoni

Shikamoo mama wa Uppsala, na dada pole na kuuguza.

Mimi nalima kabichi huku Soni, Lushoto. Naongeza kwenye kuchagua. Ishike mkononi kabla hujauliza bei. Iliyofunga vizuri ni nzito kuliko inavyoonekana, na ukiibonyeza kwa dole gumba haibonyei. Hiyo ina majani mengi yaliyobanana ndani. Ile nyepesi yenye majani ya kijani yaliyoachana ni nzuri kwa mboga ya kuchemsha na karanga, kwa hii ya kwenu itakutolea maji. Na za wakati wa masika zina maji zaidi kuliko za kiangazi, kwa hiyo ukinunua sasa, kata, tandaza kwenye ungo penye upepo saa nzima hivi ndipo uikaange. Usiioshe baada ya kukata. Ioshe nzima, toa majani ya nje, ifute, kisha kata.

Nyingi zinazofika masoko ya Dar na Pwani zimekwisha kaa kwenye gari na gulioni siku mbili tatu, kwa hilo msihofu, kabichi ikikaa kidogo ndiyo inapungua maji.

BintiMlandizi

Mama, marahaba ya baba imefika. Nimemsomea ujumbe wako wote, na nilipotamka "kool" akarudia mwenyewe mara tatu.

Mkulima wa Soni, asante sana kaka, nitaipima kwa mkono.

Maswali yangu mawili. Oveni sina, nina jiko la gesi la plati mbili na la mkaa. Nikipalia makaa nafunika, na wewe unasema bila kufunika. Na lingon huku hakuna. Baba anasema kile chekundu mwanzo kilikuwa cha kopo, baadaye bibi akawa anakipika mwenyewe, ila hajui kwa nini.

MpishiUppsala

Gesi itumie kwa kukaanga kabichi, mkaa kwa kuokea. Sufuria lenu ni chuma kizito, ndilo hasa linalotakiwa, sufuria jepesi la alumini lingeunguza chini kabla juu hakujaona moto.

Makaa yagawe mafungu matatu. Fungu moja chini ya sufuria, tena yalivyokwisha kushika jivu jeupe, yasiyo na ukali. Mafungu mawili juu ya mfuniko. Kabla ya kufunika, weka vijiti viwili vya chuma au misumari mikubwa kati ya mdomo wa sufuria na mfuniko, upande na upande, mvuke upate pa kutokea. Hilo ndilo lililokujazia maji mara ya kwanza, mvuke ulipanda, ukagonga mfuniko, ukarudi chini. Dakika 50, na dakika kumi za mwisho punguza ya chini uache ya juu. Kama ukoko wa pembeni hautoki mweusi usiogope, utatoka.

Ama chekundu, mimi ningechukua rozela. Ile choya mnayopikia juisi. Maua makavu vikombe viwili, loweka nusu saa, chemsha na maji kidogo hadi yalainike, tia sukari nusu kikombe, iache izidi kupungua hadi ishike kijiko. Ni nyekundu ile ile na uchachu unaofanana. Usiifanye tamu kama jemu ya mkate, iwe chachu kwanza, tamu baadaye. Kazi yake ni kukata mafuta na ule utamu wa kabichi. Kwa mtu asiye na hamu ya kula, uchachu ndio unaofungua kinywa.

Kama daktari kampunguzia mzee chumvi, fuata la daktari. Utamu wa kabichi iliyoungua unatosha kubeba chakula chenye chumvi kidogo.

NesiTampere

Naingia kutoka Ufini. Mama wa Uppsala kasema yote, naongeza tu kwamba hata huku kipo, kinaitwa *kaalilaatikko*, sanduku la kabichi, kwa maana ya kile chombo cha kuokea. Wafini wanatia mchele wa uji uliochemshwa, shira nyeusi na kiungo cha meirami, na wengi wanachanganya vyote pamoja badala ya kupanga tabaka. Wanakula na vitunda vile vile vyekundu, wenyewe wanaviita *puolukka*. Nimekula kantini ya kazini miaka saba, siku za theluji hakuna kinachonirudisha mwilini kama hicho.

Kibaha walikuwako Wafini pia, kwa hiyo muulize mzee kama kulikuwa na wali ndani. Kama hakumbuki wali, na jina ni kolopudi, basi ni ya Uswidi hiyo.

BintiMlandizi

Wapendwa, leo Jumapili nimerudi na majibu.

Dada wa Tampere, nilimuuliza. Hakukuwa na wali. "Wali tulikula kwetu, kule tulikula kolopudi," ndivyo alivyosema.

Jana nilikwenda gulioni nikapima kabichi kwa mkono hadi muuzaji akaniuliza kama nanunua au nafanya mtihani. Nilipata moja ya kilo moja na nusu, ngumu kama jiwe. Nikaikata, nikaitandaza kwenye ungo barazani. Baba alikuwa kwenye kiti chake, akaanza kuokota vipande vikubwa na kuvikata upya kwa kisu kidogo, bila mimi kumwomba. Tangu atoke hospitali hajawahi kushika kitu cha kazi.

Nilipomwonyesha sukari guru akatikisa kichwa. Akasema mama yake hakutumia hiyo. Alitia sukari nyeupe kwenye kikaango kikavu, akaiacha iyeyuke, igeuke rangi ya chai ya rangi, kisha rangi ya kahawa, ndipo akamimina maji ya moto. Ikilia "chaaa" watoto wote walirudi nyuma. Hilo hakuwahi kulisema kabla, limemjia pale pale alipoona sukari. Nikafanya hivyo, vijiko vitatu vya sukari na robo kikombe cha maji, na yeye amesimama mlangoni ananiambia "bado, bado, bado, sasa!" Nikamimina, ikalia, na kweli nilirudi nyuma.

Kabichi ilinichukua dakika 55, mafungu manne. Fungu la kwanza nilishikwa na haraka nikalitoa likiwa manjano, nikakumbuka maneno yako mama, nikalirudisha. Lilipofika kahawia harufu ya nyumba ilibadilika kabisa. Haikuwa kabichi tena, ilikuwa kama mahindi ya kuchoma yaliyopakwa siagi.

Nyama ya ng'ombe nusu kilo, mkate wa juzi nilioukausha juani, maziwa, yai. Misumari miwili ya inchi nne kwenye mdomo wa sufuria. Mvuke ulitoka pembeni kama ulivyosema, na maji hayakujaa. Nilipofunua, juu palikuwa kahawia na kingo zimekuwa nyeusi pande zote, upande mmoja zaidi kwa sababu makaa yalielemea huko. Nikafunika kitambaa robo saa. Baba aliuliza mara mbili, nikakataa mara mbili.

Kikasimama. Nilikata kipande cha pembe tatu, nikakiinua kwa mwiko bapa, kikaja kizima, kabichi chini, nyama katikati, kabichi juu. Viazi mviringo viwili vya kuchemsha, mchuzi wa kahawia, kijiko cha rozela pembeni.

Alianza na ukoko. Akautenga kwa uma, akautia mdomoni, akafumba macho. Akala kipande chote na nusu ya kingine na viazi vyote viwili. Hakusema "ndiyo yenyewe", sikumuuliza. Alisema, "Rozela. Mama alipika rozela, kopo zilipoisha." Kisha akaanza kunisimulia habari za nyumba ile, mti wa mwembe uliokuwa nyuma ya jiko, na yule mama wa Kiswidi aliyekuwa akikaa kwenye ngazi na bibi mchana wakimenya viazi, mmoja anamfundisha mwenzake kolopudi, mwenzake anamfundisha kupika samaki wa kupaka. Kaongea hadi saa nne usiku.

Mama wa Uppsala, sijui nikushukuru kwa lugha gani. Baba kasema nikuambie kwamba Tanga umetoka lakini mkono haujatoka.

Swali la mwisho: kimebaki karibu nusu ya sufuria, na friji yangu ni ndogo. Nikipashe vipi kesho bila kukiharibu?

MpishiUppsala

Mwanangu nimesoma hii nikiwa kwenye mapumziko ya kazi, imebidi nikakae chumba cha kubadilishia nguo kidogo. Na ile sukari ya kuunguza, bibi yako alifikiri vizuri. Shira nyeusi ya kwao asingeipata dukani Kibaha miaka ile, akaitengeneza. Mimi nitaijaribu hapa kwangu Jumamosi.

Kilichobaki kihamishie kwenye bakuli lenye mfuniko, kiweke frijini leo leo kikishapoa, kisilale kwenye sufuria. Kesho usikirudishe kwenye mkaa. Kata vipande unene wa vidole viwili kikiwa cha baridi, siagi kidogo kwenye kikaango, moto wa wastani, dakika nne kila upande, hadi ndani kiwe cha moto kabisa. Sasa kipande chote kinapata ukoko, si pembeni tu. Wapo huku wanaopika kingi kwa makusudi ili wale cha kesho.

Mpe mzee cha kwanza kutoka kikaangoni.